Anza na Kiwelisi, hiyo ya kubuni itakuja yenyewe

Mwenyewe umeuliza kama kujifunza Kiwelisi, lugha ya Wales, na huku unapenda Kisindarini, lugha ya kubuni ya mwandishi Tolkien, ni kupoteza muda, mi nakwambia hapana kabisa, tena vinaenda pamoja maana Tolkien alikipenda sana Kiwelisi na sauti za Kisindarini alizitoa huko. Kinachosumbua wengi kwenye Kiwelisi ni herufi ya mwanzo ya neno kubadilika. Paka ni cath, paka wangu fy nghath, paka wake (mwanamume) ei gath, paka wake (mwanamke) ei chath, yaani hilo "ei" ni lilelile, herufi inayofuata ndo inakwambia mwenye paka ni nani! Mi nilihangaika na kamusi nikitafuta "gath" kwenye G wee, haipo, kumbe natakiwa niende C. Lakini sisi waswahili tusiogope bana, si tunasema ulimi, zikiwa nyingi ndimi, mtu mrefu ila njia ndefu, hiyo r imegeuka d na hakuna aliyetufundisha. Ukishazoea hapo ukirudi kwenye Kisindarini ukakuta periannath (hobiti, wale watu wadogo wa Tolkien) imekuwa i Pheriannath hushtuki, unafurahi tu.

Ningekuwa wewe ningeanza na Kiwelisi kwanza kwasababu kina watu, sensa ya 2021 kule Wales ilipata wasemaji kama 538,000 hivi, na kuna BBC Radio Cymru, redio ya Kiwelisi, unasikiliza bure huku unapika. Duolingo, ile app ya kujifunzia lugha, ina kozi yake pia, na ya Kiayalandi ipo, ila tahajia yake ngumu zaidi aisee, hiyo iache kwanza.