Habari za kwanta? Njema tu, sijui za kwako

Msomaji mmoja wa Tabata kaniandikia, nafupisha: "Shikamoo mwalimu. Nimepewa kazi ya kutafsiri wasifu wa mtafiti mgeni anayekuja kutoa mhadhara hapa Dar. Ni mwanahisabati, machapisho yake yako mafungu mawili, mengine ya kwanta (ile fizikia ya vitu vidogo sana kama atomu) mengine ya bima. Nimeandika hivi: Amechapisha makala mbalimbali kwenye masuala ya habari za kwanta pamoja na masuala ya mahesabu ya bima. Mwenzangu ofisini anasema iwe taarifa siyo habari. Nani yuko sahihi?"

Marahaba dada. Mwenzako yuko sahihi, mnunulie soda. Habari kwa Mswahili ni kitu unachoulizwa hata hujavua viatu, habari za asubuhi, habari za kazi, habari za watoto, sasa ukiandika habari za kwanta msomaji atajibu njema halafu asubiri umuulizie na wazazi. Hapa tunaongelea taarifa kwa maana ile aliyoipima mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon mwaka 1948, yani kitu unachoweza kukihesabu kwa biti, biti moja ni jibu moja la ndiyo au hapana, na watu wa kwanta nao wana biti yao, wanaiita kyubiti, jina lililoingia kwenye maandishi na makala ya Benjamin Schumacher ya 1995. Kwahiyo taarifa ya kwanta. Najua taarifa nayo imeelemewa na kazi, saa mbili usiku nchi nzima inakaa kusikiliza "taarifa ya habari", maneno yote mawili yamebanana kiti kimoja kama abiria wa Gongolamboto, lakini tutafanyaje.

Mahesabu nayo toa. Hapa mjini hesabu ni ile dereva wa bajaji anayompelekea tajiri jioni, na siku isipotimia kunakuwa na maneno. Fani inaitwa hisabati, basi hisabati ya bima, na wanaoifanyia kazi maofisini ndo hao tunaowaita watakwimu bima.

Swali lako limeisha hapo. Sasa tuje kwenye kilichonifanya niache chai ikapoa, ambacho wewe hukukiuliza na mwenzako hakukiona kabisa. "Masuala ya". Mara mbili, sentensi moja!

Suala na swali ni ndugu wa damu, wote wametoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kuuliza, na suala likakua likawa jambo linalotaka jibu au uamuzi. Asili inatosha hapo, maana shida haiko Uarabuni, iko Sinza.

Nilikuwa kwenye harusi huko, ukumbi siutaji, emsii kapiga suti ya kung'aa akashika kipaza sauti akasema, "Ndugu wageni waalikwa, sasa tunaingia kwenye masuala ya chakula." Nikamgeukia shemeji yangu, suala gani tena? Kwani pilau lina mgogoro? Tukapanga foleni, nikafika mezani, kuna pilau, ndizi, kuku, kachumbari, nikakagua sufuria moja moja na hakuna hata moja lililoniuliza kitu. Nikarudi kukaa, kijiko cha kwanza kiko njiani, "wahudumu tusaidiane kwenye masuala ya vinywaji." Ikaja masuala ya keki, masuala ya zawadi, masuala ya burudani, na mama mzazi wa bibi harusi alipoanza kufuta machozi mimi nikatega sikio kabisa nisikie masuala ya kulia. Angesema "chakula tayari" kingepungua nini? Maneno mawili, na tumbo linayaelewa haraka zaidi. Ila "chakula tayari" husema mama ntilie, na emsii hataki kufanana na mama ntilie, kwahiyo pilau likavalishwa suti likaitwa suala.

Kwa emsii nacheka yanaisha. Kwako dada inaniuma, kwasababu huyo mgeni wako anatoka kwenye fani zenye masuala ya kweli na sentensi yako imeyafukia. Chukua bima. Mwaka 1903 Filip Lundberg, Msweden, alitoa tasnifu yake Uppsala, baadae Harald Cramér akaja kuinyoosha kihisabati, na walichokuwa wanauliza ni hivi: kampuni imeanza na akiba yake kiasi fulani, ada za wateja zinaingia kidogo kidogo kila siku, ila madai yanakuja yanavyotaka yenyewe, leo kimya, kesho bodaboda mbili na ghala limeungua, sasa kuna uwezekano gani kwamba siku moja mfuko utakauka? Hilo ndo suala, lina mpaka na alama ya kuuliza. Na neno bima lenyewe tumelipata kwa Wahindi, nao kwa Waajemi, kwao bim ni hofu, yani hofu ikakatiwa risiti.

Njoo kwa kwanta. Kyubiti moja ukiipima utatoa taarifa kiasi gani? Mwanahisabati Mrusi, Holevo, alijibu mwaka 1973, haizidi biti moja, pamoja na mbwembwe zake zote. Hali ya kwanta usiyoijua unaweza kuitolea kopi? Wanafizikia Wootters na Zurek, na mwenzao Dieks kivyake, wakasema mwaka 1982 kwamba haiwezekani, kwahiyo vijana wa steshenari hapo hawana chao. Na usishangae mtu mmoja kushika fani zote mbili, zote zinakula sahani moja ya uwezekano.

Mimi ningeandika: "Ana machapisho kwenye fani mbili, nadharia ya taarifa ya kwanta na hisabati ya bima." Na hiyo "mbalimbali" nimeiacha makusudi, nani anachapisha makala ile ile mara thelathini? (Wapo, ila tusiwaweke kwenye wasifu wa mgeni.)

Silipigi marufuku neno. Ukisema masuala ya ardhi nakuelewa haraka sana, hapo kuna mipaka, kuna hati, kuna baba mdogo. Na sasa hivi nikiwa namalizia hapa imeingia meseji ya kamati ya harusi nyingine, Jumamosi saa kumi, "kikao cha masuala ya michango". Nimeisoma mara mbili nikitafuta kosa. Nitaenda, maana ahadi yangu ya mwezi wa nne bado haijatimia na mweka hazina ni mtu wa kuuliza.