Modeli ya magonjwa ya muhogo: 94% kwenye kompyuta, shambani inachemka

Mkuu, umeuliza kwa nini modeli yako, yaani programu ya kompyuta inayotambua ugonjwa wa muhogo kwa picha, inapata 94% kwenye majaribio halafu shambani inachemka. Kagua kwanza ulivyogawa picha. Ukipiga picha sita za mche mmoja kisha ukazichanganya ovyo, huenda nne zikaangukia mafunzo (picha za kuifundishia modeli) na mbili majaribio (picha za kuipimia). Modeli inakariri udongo na mwanga wa siku ile, si ugonjwa. Gawa kwa shamba: shamba zima liende upande mmoja tu.

Halafu achana na asilimia ya jumla. Kwenye picha za Uganda zilizotolewa 2020 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Makerere, zaidi ya 13,000 kati ya 21,000 na ushee ni batobato, mmojawapo wa magonjwa ya muhogo. Modeli mbumbumbu inayojibu "batobato" kila mara inaokota kama 61% bila jasho! Toa jedwali la kila ugonjwa peke yake.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ndio kichomi, maana jani pekee hudanganya hata bwana shamba. Chimba, kata muhogo wenyewe, tafuta madoa makavu ya kahawia ndani. Usipoyaona, bado mche si lazima uwe mzima. Hapo ni kipimo cha maabara.