Kumtafutia mzazi makao ya wazee Marekani: nenda Jumamosi jioni

Ukitaka kujua makao ya wazee yana hali gani, nenda Jumamosi jioni. Jumanne saa nne asubuhi meneja yupo, mkuu wa wauguzi yupo, na atakayekutembeza ni mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha vitanda vimejaa. Jumamosi jioni utakutana na watu watakaomlisha mama yako, kumwosha na kumgeuza usiku.

Naandika haya kwa sababu nimekuwa pande zote mbili. Nimefanya kazi ya CNA, yaani muuguzi msaidizi, kwenye makao ya wazee huku Minnesota. Baadaye tukamtafutia nafasi mama mkubwa, alipopata kiharusi na kushindwa kusimama bila kushikwa na watu wawili. Ndugu wengine walisema tunamtupa, na najua wengi wenu mnaambiwa hivyo hivyo. Lakini mzee wa hali ile kukaa na pampasi moja tangu alfajiri hadi watoto watoke zamu si kumheshimu. Kama hamna mtu wa kushinda naye na kulala naye, basi wajibu wenu ni kuchagua vizuri, na kufuatilia baada ya kuchagua.

Kabla hujatoka nyumbani, fungua tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, sehemu inayoitwa Care Compare. Kila makao yanayopokea malipo ya Medicare au ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, yamepewa nyota, moja hadi tano, utaratibu ulioanza mwaka 2008. Usiishie kwenye nyota za jumla. Zimejengwa kwa mambo matatu: ukaguzi, idadi ya wauguzi, na vipimo vya ubora. Sehemu kubwa ya vipimo vya ubora inatokana na taarifa ambazo makao yenyewe yanajaza. Wakaguzi wa jimbo, kwa upande mwingine, huja bila kutoa taarifa, na hesabu ya wauguzi hutoka kwenye kumbukumbu za mishahara. Hizo mbili ndizo ninazoziamini zaidi.

Kwenye idadi ya wauguzi tafuta mambo matatu: saa za uuguzi kwa kila mzee kwa siku, saa hizo hizo wikendi, na asilimia ya wafanyakazi wanaoacha kazi kwa mwaka. Utafiti wa serikali ya shirikisho wa mwaka 2001 ulionyesha kuwa mzee anayeishi hapo moja kwa moja anahitaji takriban saa 4.1 za uuguzi kwa siku, ukijumlisha manesi na CNA, la sivyo matunzo yanaanza kupungua. Sehemu nyingi hazifiki hapo. Na wafanyakazi wakiondoka ovyo, mama yako atavuliwa nguo na mgeni mpya kila wiki, mtu asiyejua kwamba mkono wake wa kushoto unauma ukiinuliwa. Ukiona alama ya kiganja chekundu pembeni ya jina la makao, maana yake yamekutwa na makosa ya unyanyasaji. Mimi hapo naachana napo.

Ukifika, usiangalie sana zulia na piano. Ulizia ripoti ya mwisho ya ukaguzi. Sheria inataka iwekwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa, na mara nyingi ni faili lililopo karibu na mapokezi. Kila kosa lina herufi kuanzia A hadi L. G, H na I maana yake kuna mzee aliyeumia kweli. J, K na L ni hatari ya papo hapo. Makao yasiyo na kosa lolote ni machache, kwa hiyo soma maelezo yenyewe. Jokofu la jikoni kuwa na joto kidogo si sawa na mzee aliyeanguka akakaa sakafuni saa nzima.

Kisha ingia kwenye chumba cha kulia wakati wa chakula cha jioni, ukae. Angalia wale wasioweza kujilisha. CNA ameketi karibu na mzee, anamsubiri ameze, anamfuta mdomo? Au amesimama, kijiko mkono mmoja, macho kwenye meza nyingine? Tazama sinia za chakula zinaporudishwa jikoni. Nikiona sinia imefunikwa bado, supu imeganda, juisi haijafunguliwa, najua huyo mzee hakushindwa kula, bali hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumfungulia. Huko ndiko kupungua uzito kunakoanzia. Mzee wako akishaingia, uliza uzito wake kila mwezi. Kupoteza asilimia 5 kwa mwezi mmoja, au 10 kwa miezi sita, ni jambo la kuitisha kikao siku hiyo hiyo.

Harufu nayo inasema. Chumba kimoja kunuka mkojo ni kawaida, mtu amechafuka sasa hivi na atabadilishwa. Korido nzima kunuka saa zote ni suala jingine, na harufu kali ya manukato ya kunyunyizia isikupumbaze.

Mfuate CNA taratibu umuulize: leo una wazee wangapi? Huku Minnesota si ajabu ukakutana na Mkenya au Msomali anayekijua Kiswahili, naye atakujibu kama ndugu. Zamu ya mchana, wazee saba au wanane kwa mtu mmoja unaweza kuwahudumia ipasavyo. Kumi na tano huwezi, hata uwe na moyo wa namna gani. Nimezifanya zamu hizo: unaanza kuchagua nani atakojoa kitandani ili mwingine afike chooni. Idadi ya wauguzi wa kila zamu inatakiwa kubandikwa ukutani kila siku, kwa hiyo linganisha na unayoambiwa.

Sasa la ngozi, na hili nawasihi ndugu zangu mlizingatie. Vidonda vya mgandamizo, vile vinavyotokana na kulalia sehemu moja muda mrefu, huanza kabla ngozi haijachanika. Wauguzi wengi wamefundishwa kutafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani, na kidonda kinagunduliwa kikiwa kimeshachimba. Kwa hiyo kagua mwenyewe. Omba faragha, mgeuze mzee, angalia kisigino, makalio pale juu ya mfupa, nyonga, na nyuma ya masikio kama anatumia mpira wa oksijeni. Tafuta sehemu iliyoiva rangi kuliko pembeni yake, au yenye zambarau. Kisha gusa kwa mgongo wa kiganja: panachemka au pamepoa kuliko sehemu nyingine? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva sana? Ukikuta hivyo, mwite nesi aone, aandike, na akueleze mzee anageuzwa kila baada ya muda gani. Asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila saa mbili. Na angalia kinywa na kucha pia: meno ya bandia yenye ukoko na kucha zilizokunjika ni dalili kwamba hata kuoshwa kunafanywa kwa kuruka ruka.

Jambo linalowapata wazee wetu zaidi ni lugha. Mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kupoteza Kiingereza na kubaki na lugha aliyokulia. Anasema anataka kwenda haja, hakuna anayeelewa, anajaribu kuinuka mwenyewe, anapiga kelele, na kwenye faili anaandikwa kuwa ni mkorofi. Kinachofuata ni dawa za wagonjwa wa akili ili atulie. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2005 kwamba dawa hizo huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa huo. Kwa hiyo kila ukiona mzee amelegea, anasinzia mchana, mate yanamtoka, omba orodha ya dawa na uulize kila moja: ya nini, imeanza lini, nani alikubali. Dai mkalimani, kwani ni haki yake na hulipii. Na ubandike ukutani karatasi yenye maneno yake ya kila siku, na matamshi yake kwa herufi za Kiingereza: maji, choo, naumwa, nasikia baridi, nigeuze. Mama mkubwa alitulia sana wiki ile karatasi ilipobandikwa.

Kwenye makaratasi ya kuingia, usisaini kuwa mdhamini wa malipo kwa mali yako, hawaruhusiwi kukulazimisha. Vilevile hawaruhusiwi kumnyima mzee nafasi kwa kuwa umekataa mkataba wa usuluhishi, ule unaokuondolea haki ya kwenda mahakamani. Ukishausaini, una siku 30 za kuufuta. Ndani ya saa 48 baada ya mzee kuingia wanatakiwa kuwa na mpango wa awali wa matunzo, nawe omba nakala. Minnesota imeruhusu kisheria kamera chumbani tangu 2020, mzee akikubali na mwenzake wa chumba pia akikubali; majimbo mengine yana sheria zao.

Na kuna ombudsman wa makao ya wazee, yaani mtetezi wa haki za wazee anayepokea malalamiko, katika kila jimbo. Namba yake inatakiwa kubandikwa mahali pa wazi, na huduma yake ni bure na ya siri. Mpigie hata kabla ya kumpeleka mzee, umuulize anapata malalamiko gani kuhusu mahali hapo. Najua wengi tunaogopa kulalamika tusije tukamponza mzee, lakini kumlipizia kisasi ni kuvunja sheria, na hilo nalo analishughulikia. Unapompigia uwe na daftari mkononi: tarehe, saa, kengele ya kumwita muuguzi ililia muda gani bila kujibiwa, nani alikuwa zamu, na picha ya kidonda kama kipo.