Kaficha kalamu za mwenzie

Swali: Shangazi, mwanangu ana miaka 4, yuko chekechea. Juzi nimekuta kalamu za rangi za mwenzie kwenye begi lake, namuuliza anasema kapewa, kumbe uongo. Babake anataka amchape. Nifanyeje?

Jibu: Mama, asimchape jamani, atajifunza kuficha vizuri zaidi tu. Umri huo anapima kosa kwa ukubwa wa hasara, mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi aliandika 1932 kwamba kwa watoto wadogo aliyevunja vikombe 15 kwa bahati mbaya ndo mkosaji kuliko aliyevunja kimoja akiiba jamu. Kwa hiyo muulize, "mwenzio alijisikiaje alipozitafuta?" halafu nendeni azirudishe kwa mkono wake mwenyewe, usimsemee. Na kuhusu huo uongo, asijifunze kwenu: mgeni akibisha hodi, msimtume aseme hampo.