Kipimo changu cha injini kinazidisha

SWALI: Habari za kazi fundi, niko Ujiji, Kigoma. Nimejitengenezea kipimo cha nguvu ya injini, breki ya mbao inabana puli, mkono wake wa nusu mita unavuta mizani ya kuning'iniza kama zile za dagaa pale Kibirizi. Injini ni ya pampu, hosipawa 5.5, lakini hesabu inaleta 8.3! Mizani inasoma kilo 2, sensa ya kuhesabu mizunguko inasema 6,000 kwa dakika. Kwenye puli nimebandika kwa gundi sumaku mbili ambazo sensa inazisoma.

JIBU: Hongera sana ndugu yangu, breki yako iko vizuri. Shida ni hizo sumaku, puli ikizunguka mara moja sensa inahesabu mbili, kwa hiyo mizunguko ya kweli ni 3,000. Sasa kilo 2 ni kama nyutoni 19.6, zidisha nusu mita unapata nyutoni-mita 9.8, zidisha 3,000 gawa kwa 9,549, ile namba ya kugeuza kuwa kilowati, inakuja kilowati 3 na kidogo, yaani hosipawa 4.1, hapo inaingia akilini. Usibandue sumaku moja maana puli itatetemeka, rekebisha programu ya sensa tu igawe kwa mbili. Halafu hiyo gundi, aisee, breki ikipata moto inaachia na sumaku inaruka kama risasi, ichimbie kishimo kwenye puli ikae ndani.