Mwanya wa bunduki ya zamani: usikimbilie gundi

SWALI: Nimerithi bunduki ya Lee-Enfield ya .303, ile fupi ya kijeshi ya Kiingereza iitwayo SMLE, na leseni iko kwa jina langu. Mbao zake zililiwa na mchwa, nikaagiza nyingine zilizotumika kutoka Uingereza. Kitako kinacheza, na mbao ya mbele imeacha mwanya mwembamba nyuma, pale inapokutana na chuma kinachoshika kitako. Fundi wa sofa wa Ngong Road anasema atajaza gundi na unga wa mbao. Nimruhusu? – Msomaji, Lang'ata

JIBU: Usimruhusu. Huo mwanya unaokusumbua ni wa makusudi. Bunduki hii ikifyatuliwa na kupiga teke nyuma, nguvu inayoifikia mbao ya mbele hupokelewa na mabega mawili ya mbao yaliyofichika ndani, kushoto na kulia, karibu na kifyatuo. Mwanya wa nyuma upo ili mbao isigonge chuma cha kitako. Ukiuziba, teke linahamia pale, na mbao inapasuka kwa urefu. Nimeletewa nyingi za namna hiyo. Kwa nje zinang'aa vanishi, na ndani mabega hayagusi chochote.

Basi kazi iko ndani. Pakaza chuma masizi ya taa, kiketishe ndani ya mbao, kaza, kisha kitoe. Weusi ulipobaki ndipo panapogusa. Bega moja likiwa jeusi na la pili jeupe, kwangua lile jeusi kwa patasi kali, kidogo sana, urudie mpaka yote mawili yashike sawa. Msasa hapana: unaviringisha kona. Bega likiwa limelika, pachika kipande cha mbao ngumu.

Kitako kinachocheza hakiponi kwa gundi. Mbao iliyotumika huwa imeshasinyaa. Tafuta mpya iliyoachwa nene kidogo, uipunguze mpaka iingie kwa kubana. Angalia na urefu: kifupi kina herufi S, kirefu L.

Na hili ndilo linalonichosha. Watu hufungua kile kimlango cha kitakoni, wanatumbukiza bisibisi ndefu na kuzungusha bolti inayoshika kitako huku mbao ya mbele ikiwa bado imefungwa. Ncha ya bolti hiyo ni ya mraba, na imekaa ndani ya kibamba kilichoko kwenye mbao ya mbele. Ukizungusha, unaipasua. Mbao ya mbele hutoka kwanza, kila mara.

Fundi wako wa sofa ni hodari wa sofa, na simlaumu kwa kutojua hayo. Ninaowalaumu ni wanaojiita mafundi wa bunduki kwa sababu tu wana drili na kopo la vanishi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka anayetengeneza silaha kibiashara awe amesajiliwa. Mwombe cheti kabla hujafungua mfuko. Akianza kukueleza kwamba mbao ni pambo tu, rudi na bunduki yako nyumbani uifungie kwenye sefu.