Yaya, dini ingali inatusaidia nini?

ULIZO

Yaya, salamu. Nasoma univ hapa Bukavu, nakaa Kadutu. Kwenye avenue yetu vyumba vya maombi vimejaa, mabafle yanalia mpaka asubuhi, hata kesho yake niko na ekzameni. Mama anauza sambaza sokoni, na pesa tuliyokuwa tumeweka kwa ajili ya minervali yangu, ni kusema pesa ya masomo ya univ, alibebea pasta yote, ati ni mbegu, itarudi mara kumi. Nikimuuliza anasema masomo imeniharibu roho. Rafiki yangu mwenye kuwa Ubelgiji anasema kule makanisa yanafungwa, mengine yamegeuka hoteli, na watu wanaishi muzuri kutupita. Sasa nauliza bila kutukana mutu: dini bado inatusaidia nini siku hizi, ao tunaibeba tu juu wazee waliibeba?

Mwanafunzi, Kadutu

JIBU

Mudogo wangu, nianzie kwa pesa ya mama juu najua njo inakuchoma. Mutu anayemwambia mama wa sambaza atoe minervali ya mutoto ili Mungu amurudishie mara kumi, ule anakula jasho ya maskini, na Biblia yenye kuwa mukononi mwake haibadilishi kitu. Nasema hivyo na mimi niko mutu wa kanisa, nasalia na naamini.

Lakini rafiki yako wa Ubelgiji alikuambia nusu tu. Kweli, kule misa ya siku ya Mungu watu wamepunguka sana, na kanisa fulani la Mechelen liko hoteli leo. Ile hakukuambia ni kama huko Flanders watoto wengi mpaka leo wanasoma kwenye shule za mutandao wa katoliki, serikali inalipa walimu na inakagua, na serikali ile ile inalipa mishahara ya mapadri, wapasta na maimamu wa dini zenye kutambuliwa. Kwa hiyo kule dini haikutoka yote, imebaki kwenye kazi, na kuko mutu wa kuangalia hesabu yake. Kwetu hapa yeyote anaweka mabafle, anajiita apostolo, na hakuna anayemuuliza kaye, daftari ya pesa.

Tuangalie kwetu sasa. Mwaka 1974 Mobutu alinyanganya makanisa mashule yote, ikawa ya serikali. Haikuchukua muda, 1977 akasaini mapatano na makanisa warudilie kuziongoza, juu serikali yake ilishindwa. Njo kwa maana leo shule nyingi za msingi kwetu ziko konvansione, ni kusema ni za serikali lakini kanisa ao dini njo inaziongoza: katoliki, protestanti, kimbangu, islamu, na tangu gratuite ya 2019 wazazi hawapaswe tena kulipa kwa msingi lakini anayefungua mulango wa darasa asubuhi mara nyingi ni musimamizi wa kanisa. Hospitali ya Panzi nayo, 1999, ilisimama chini ya CEPAC, kanisa la kipentekote. Na Daktari Mukwege aliyeianzisha, ni mutoto wa pasta wa hapa hapa Bukavu, anaelezaka vile alikuwa mudogo akamusindikiza baba kuombea mutoto mugonjwa, akamuuliza mbona unaomba tu hautoi dawa, baba akamwambia mimi siko muganga. Akaenda kusomea uganga, 2018 akapata Nobel. Ile ulizo ya mutoto ni kama yako, na baba hakumwambia masomo imekuharibu roho. Umuelezee mama hiyo, polepole.

Najua utanijibu: yaya, shule na hospitali ni kazi ya serikali, siku serikali itaamka dini itabaki bila kazi. Hapo nakubaliana nawe kabisa, na sipendi mutu aende kanisani juu dispanseri iko ya kanisa. Serikali ilipe mwalimu, ijenge barabara, makanisa yatafurahi kupumuzika.

Kuko kitu serikali haiwezi kutupatia. Octoba 1996, vita inaingia Bukavu, wakubwa wamekimbia, nani alibaki anasema? Askofu mukuu Munzihirwa, mujezuiti, aliyekuwa anaandika na kupiga kelele juu ya wakimbizi na juu ya raia. Tarehe 29 walimuua, pale Nyawera. Wewe unapita pale kila siku kwenda univ. Akamufwata Askofu mukuu Kataliko, ambaye kwa Noeli ya 1999 aliandika barua ya kukemea wenye kutajirika kwa vita yetu, wageni na wakongomani wenye kuwasaidia, Februari 2000 RCD, waasi waliokuwa wanatawala Bukavu, ikamukataza kurudi Bukavu, akawekwa mbali Butembo mpaka Septemba, na Octoba ya mwaka huo huo akafia Roma. Hawakuwa na bunduki wala cheo cha serikali. Walisikilizwa juu watu waliwaamini, na ile imani haijengwe na uchaguzi wala na amri. Mimi njo hapo naweka dini: sauti ambayo mwenye nguvu hawezi kuinunua. Siku inanunuliwa, basi kweli haina faida.

Na kuko kingine kidogo, kwangu ni kikubwa. Mutu akifariki kwa jirani Kadutu, angalia nani anafika wa kwanza. Ni shirika, kile kikundi kidogo cha waamini wa avenue. Sekretere anafungua kaye kwenye goti, anaandika, fulani 1000 franga, fulani kilo ya maharagi, mama fulani makala nusu gunia, wanaume wanaenda kutafuta mbao ya sanduku, wamama wanasonga bugali ya watu wa matanga, na usiku hawaache mujane peke yake. Jirani zetu waislamu wanafanya vile vile, maiti haikawie. Kaye ile kila mutu anaweza kuisoma, jina kwa jina.

Kwa hiyo usigombane na mama juu ya Mungu, utapoteza. Mugombane juu ya kaye. Umutafute shangazi ao mukubwa wa kanisa ambaye anamuheshimu, mukae watatu, mumuulize taratibu: mama, kule kwa pasta, pesa inaandikwa wapi, na ni nani alisaidiwa nayo mwaka huu? Akikosa jibu, ataanza kujiuliza mwenyewe. Mabafle, muandike jina za majirani, mupeleke kwa shefu wa avenue, musiende mumoja mumoja. Na minervali, uende kwa sekretariati ya univ wiki hii uombe kulipa kwa tranchi mbele ya sesioni, wengi wanakubaliwa wakifika mapema.